Vidole Vyeusi

Nitrati ya fedha haioshwi kwa sabuni. Ukiidondosha kidoleni asubuhi, huoni kitu. Mchana mwanga ukishaipiga, ngozi inageuka hudhurungi, na kesho yake ni nyeusi ti. Utasugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa dodoki, haitoki; hutoka siku ngozi yenyewe inapochakaa na kubanduka. Mwaka 1986, katika mwezi wangu wa tatu kwenye maabara ya histolojia, nilirudi nyumbani Tanga kwa siku mbili nikiwa na vidole vitatu vya namna hiyo. Mama alinishika mkono mlangoni kabla salamu hazijaisha.

"Mwanangu, piko hili la harusi ya nani?"

"Si piko, mama. Ni dawa ya kazini."

"Dawa gani inayompaka mtu piko?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Anayepaka hina na piko anatia rangi kwenye ngozi ili mchoro uonekane. Mimi kwa miaka 31 nilitia rangi kwenye nyama ya mwili ili ugonjwa uonekane. Sasa nimestaafu, na ninalotaka kusimulia ni jinsi binadamu alivyokuja kuiona seli ya neva. Vitabu vya shule huileta habari hii kama wazo lililowajia wenye akili nyingi. Mimi niliyeshinda juu ya vyombo vya rangi naijua kuwa ni habari ya wapaka rangi, iliyoanzia jikoni.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Kipande cha nyama kikitoka chumba cha upasuaji hulazwa kwenye formalini kisioze. Hukamuliwa maji kwa spiriti, huloweshwa nta ya moto, nta ikaganda nacho, ndipo kinapokatwa kwa mashine yenye wembe mrefu, unene wa maikromita 4 au 5. Unywele mmoja wa kichwani unazidi unene huo mara kumi na zaidi. Kipande hicho huelea juu ya maji ya vuguvugu kama utando wa maziwa, nawe unakiopoa kwa kioo. Bila rangi hakikuambii kitu. Rangi za kila siku ni mbili: hematoksilini, itokanayo na gogo la mti wa Amerika ya Kati, hutia viini vya seli zambarau, eosini hutia waridi kilichobaki. Ini hujieleza vizuri kwa rangi hizo, na figo, na ngozi. Ubongo hausemi. Unaona viini vya zambarau vimetapakaa kama mtama uliomwagika kwenye uwanda wa waridi, na huwezi kusema seli hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi.

Kiswahili chetu kinaubeba ugumu huo mpaka leo. Mshipa ndio upitishao damu, mshipa ndio umkazao mtu shingoni akilala vibaya, mshipa ni ngiri, na mishipa ya fahamu ndizo neva. Wapo wanaosema huu ni upungufu wa lugha, siwaafiki. Wagiriki nao neno lao *neuron* lilikuwa ukano na uzi wa upinde kabla ya kuhamia kwenye neva. Apasuaye mwili kwa kisu na macho matupu huona nyuzi nyeupe ngumu, na nyuzi ni nyuzi. Aliyezitenga neva na kano ni Herophilus, tabibu aliyepasua maiti mjini Alexandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Alizifuata nyuzi hizo mpaka zilikoingia kwenye uti wa mgongo na ubongo, akatambua kwamba zipo zinazoleta hisia na zipo zinazotuma mwendo.

Mpango huo ndio tunaoufundisha bado: ubongo na uti wa mgongo katikati, na neva zinazotoka humo kwenda kila pembe ya mwili na kurudi. Ukijikwaa kidole cha mguu gizani, utaujua. Habari ya mguso hupita kwenye nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta, hufika mara moja. Ule uchungu mzito unaofuata umepita nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazokwenda karibu mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo maana kuna kile kitambo kidogo ambapo umeshashika kidole na unasubiri kiume.

Hadubini ilipokuwa nzuri, karne ya 19, watu waliingia ndani ya nyuzi hizo. Mwaka 1837 Jan Purkinje alieleza seli kubwa zenye umbo la chupa katika ubongo mdogo, ule ulio kisogoni. Zina jina lake hadi leo. Baada yake akaja kijana wa Bonn, Otto Deiters, ambaye ustadi wake kila ninapoukumbuka huniumiza moyo. Aliulainisha uti wa mgongo kwa kemikali, kisha kwa sindano, chini ya hadubini, akazichambua seli moja moja kama mtu anayechambua miiba ya dagaa. Akaona kwamba kila seli ina matawi mengi yanayogawanyika kama ya mti, na tawi moja la peke yake, refu, lisilofanana na mengine. Alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1863, ana miaka 29. Kitabu chake kilitolewa na mwenzake mwaka 1865.

Sindano ya Deiters ilivunja matawi, haikufika ncha. Hapo ndipo Joseph von Gerlach, mwanahistolojia wa Erlangen, alipotoa hoja yake katika miaka ya mwanzo ya 1870: matawi ya seli zote yameungana, mfumo wote wa neva ni wavu mmoja. Mimi nimekulia ufukweni, baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, na naielewa hoja hiyo kuliko mtu wa bara. Nimemwona akishona nyavu chini ya mkungu. Wavu hauna mwanzo; ukivuta fundo hapa, jicho la kule linatikisika. Wataalamu wa wakati ule waliufikiria ubongo hivyo, na haikuwa fikra ya kijinga, maana ubongo nao ukiguswa hapa mguu wa kule hutikisika.

Mwaka 1872 tabibu kijana, Camillo Golgi, aliacha mji wa chuo wa Pavia, akaenda Abbiategrasso kuwa mganga mkuu wa hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alikwenda kwa sababu ya mshahara. Baba yake, tabibu pia, alimsukuma. Hapakuwa na maabara. Akaligeuza jiko lake la hospitalini kuwa maabara, na jioni, kazi ya wodini ikiisha, alikaa na hadubini na vikombe vyake kwenye mwanga wa mshumaa. Mwaka 1873 alitangaza alichokipata, akakiita mmenyuko mweusi. Kipande cha ubongo hukazwa siku nyingi kwenye dikromati ya potasiamu, chumvi ya rangi ya chungwa, halafu hutiwa kwenye nitrati ya fedha. Chumvi hizo mbili zikikutana ndani ya seli hufanya kromati ya fedha, nayo huijaza seli kuanzia kiini hadi ncha za matawi.

Wanafunzi wetu wote wa baiolojia wamechora "mwili wa Golgi" kwenye daftari, na wengi hawajui kwamba Golgi alikuwa mtu. Ndiye pia aliyeonyesha, katikati ya miaka ya 1880, kwamba homa ya malaria hupanda kwa saa zake kwa sababu vimelea huzaliana na kupasua chembe za damu kwa zamu, aina moja kila baada ya saa 48 na nyingine saa 72. Sisi tuliohesabu vimelea hao maisha yetu yote tunadaiwa shukrani naye mara mbili.

Sasa nirudi kwenye vidole vyangu. Katika maabara niliyoanzia palikuwa na mzee, fundi sanifu aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kazi ya Golgi haikuwa sehemu ya kazi zetu. Alitufundisha kwa mapenzi yake, kwa ubongo wa mbuzi alioununua buchani kwa fedha yake mwenyewe. Tuliukata vijisehemu, tukavilaza kwenye dikromati, na baada ya siku mbili mimi nikataka kuendelea.

"Binti, usiikimbize," aliniambia. "Piko lenyewe huliachi likauka?"

Sikumsikiliza. Kimoja nilikitoa kwa siri siku ya tatu, nikakitia kwenye fedha. Nilipokikata kwa wembe nikakuta masizi: magamba meusi ya chumvi juu, ndani hamna kitu. Aliona, hakunigombeza, aliniambia tu niandike daftarini siku na saa. Awamu ya pili alileta ubongo wa mwanambuzi mchanga, na safari hii tulingoja wiki nzima. Nilimimina fedha bila glavu, glavu zilikuwa zimekwisha, ndiyo hayo mama aliyoyaona. Lakini nilipoinama kwenye hadubini nilishika pumzi. Uwanja wote ulikuwa wa manjano kama karatasi ya zamani, mtupu, na katikati yake seli moja nyeusi. Shina, matawi, matawi ya matawi, na juu ya kila tawi vijimiba vidogo kama vya mchongoma. Pembeni mwake palikuwa na seli mamia zisizoonekana kabisa. Mmenyuko wa Golgi hushika seli chache tu katika kila mia, na uchache huo ndio uzuri wake. Ungezishika zote, pangekuwa giza tupu.

Golgi aliyaona hayo kabla ya wote, na bado akabaki kwenye wavu. Aliamini kwamba ile mikia mirefu, yaani lile tawi la peke yake aliloliona Deiters, huungana. Rangi yake ilikaa miaka kumi na zaidi bila kuvuma nje ya Italia, kwa sababu ilikuwa kaidi. Wengi walipata masizi kama mimi wakaiacha.

Mwaka 1887, mjini Madrid, tabibu Luis Simarro alimwonyesha mgeni wake slaidi za Golgi. Mgeni huyo alikuwa Santiago Ramón y Cajal, profesa wa Valencia, na mtu huyu nitakaa naye kidogo. Alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Alitaka kuwa mchoraji. Baba yake, mganga mpasuaji, alimkataza, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi na kwa fundi viatu. Mwishowe baba alimpata kwa mifupa. Walikwenda pamoja makaburini kuokota mifupa iliyofukuliwa, na kijana aliyekatazwa kuchora akaruhusiwa kuchora mifupa. Alitumikia jeshi la Hispania huko Cuba, malaria ikamwangusha, akarudi mwaka 1875 amekonda vibaya. Hadubini yake ya kwanza aliinunua kwa akiba ya mshahara wa huko. Ile nzuri, ya Zeiss, alipewa na serikali ya jimbo la Zaragoza kwa kazi aliyoifanya kipindupindu kilipoingia mwaka 1885.

Cajal alirudi na mapishi ya Golgi, akayarekebisha kama mpishi. Kwanza, aliongeza dozi: kipande kilichokwisha kutoka kwenye fedha alikirudisha kwenye dikromati na fedha mara ya pili. La pili ndilo lililofungua mlango. Kwa mtu mzima ile mikia mirefu imeshavikwa ala yake ya mafuta, na fedha haipenyi vizuri. Cajal akasema, kwa nini tuhangaike na msitu uliokomaa wakati miche ipo? Akachukua vifaranga na vijusi vya ndege na wanyama, ambao ala yao haijafunga, akavipaka rangi hivyo. Mzee wetu alijua hili, ndiyo maana alituletea mwanambuzi.

Mwaka 1888, akiwa amehamia Barcelona, Cajal aliona katika ubongo mdogo wa ndege kitu kilichokata shauri. Nyuzi za seli jirani zilikuja mpaka kwenye tumbo la seli ya Purkinje, zikalizunguka kama kikapu kinavyolizunguka tunda, zikaishia hapo. Hapakuwa na fundo. Alitafuta tena na tena, katika slaidi baada ya slaidi, na kila uzi aliouona ulikuwa na ncha. Basi seli za neva ni kama minazi shambani: makuti ya huu yanapapasa makuti ya ule, upepo ukivuma yote yanavuma, lakini kila mnazi una shina lake na mizizi yake. Cajal akayachora yote aliyoyaona kwa mkono, kwa penseli na wino. Kwa kuwa hapakuwa na jarida la kuyapokea, alianzisha jarida lake mwenyewe kwa fedha ya nyumbani, katika nyumba yenye watoto wengi. Mwezi Mei 1888 alitoa nakala 60 za toleo la kwanza na kuzituma kwa wakubwa wa Ulaya. Wengi hawakujibu. Kihispania hawakukisoma.

Oktoba 1889 akabeba hadubini na slaidi zake, akapanda treni hadi Berlin kwenye mkutano wa Wajerumani wa anatomia. Hakutegemea ulimi, Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipanga slaidi zake chini ya hadubini, akawavuta watu mmoja mmoja waje waangalie. Hivi ndivyo fundi anavyobishana, na ninampenda kwa hilo. Mzee Albert von Kölliker, aliyekuwa na miaka 72 na jina kubwa kuliko wote ukumbini, aliangalia. Yeye alikuwa upande wa wavu. Akaangalia tena, akakubali, kisha akajifunza Kihispania ili amsome Cajal mwenyewe. Watu wenye cheo ambao wamebadilisha neno lao kwa sababu ya slaidi nimewaona wachache sana kazini.

Haki itendeke pia kwa wengine. Wilhelm His na Auguste Forel walikuwa wamefikia hoja hiyohiyo kwa njia zao miaka ya 1886 na 1887, na pamoja nao Fridtjof Nansen wa Bergen, kijana aliyepita Pavia kujifunza rangi kwa Golgi, na ambaye dunia inamkumbuka kwa safari za barafu na kwa hati aliyowapatia wakimbizi wasio na nchi. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer alikusanya kazi za wote, akaipa seli hiyo jina *neuron*, uzi ule ule wa upinde wa Wagiriki. Matawi yakaitwa dendraiti, mkia ukaitwa aksoni. Aksoni inayotoka kiunoni mwako kwenda kwenye misuli ya unyayo ina urefu wa karibu mita nzima, na seli inayoimiliki haionekani kwa macho. Mahali seli moja inapoipa nyingine habari, Mwingereza Charles Sherrington na wenzake wakapaita sinapsi, mwaka 1897.

Neuroni haziishi peke yake. Kati yake zipo seli ambazo Rudolf Virchow, katikati ya karne ile, aliziita glia, yaani gundi, akidhani kazi yake ni kushikilia tu. Mwanafunzi wa maabara ya Cajal, Pío del Río-Hortega, alitunga rangi yake ya kabonati ya fedha, na kuanzia mwaka 1919 akaonyesha kwamba katika gundi hiyo wamo walinzi wanaokula uchafu na wamo washonaji wa ala ya mafuta. Baadaye vita vya Hispania vilimtoa kwao. Alifia Buenos Aires mwaka 1945. Nje ya ubongo, ala hiyo hushonwa na seli za Schwann, na hizo nimezijua kwa njia ya huzuni. Kijidudu cha ukoma, alichokiona Gerhard Armauer Hansen huko Bergen mwaka uleule wa 1873, hupenda kuingia humo. Nimepaka vipande vingi vya ngozi za wagonjwa wa ukoma. Unaona neva imevimba, na ndani yake vijiti vyekundu vimelala kwa mafungu. Mwenye neva hiyo alikuwa ameungua mkono jikoni bila kuhisi, jirani wakasema amerogwa, kumbe ganzi yake ilikuwa imelala pale kwenye kioo, na inatibika kwa vidonge akiwahi.

Desemba 1906 Golgi na Cajal walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, wakakutana Stockholm kwa mara ya kwanza. Golgi alisimama kwanza, na hotuba yake yote ilikuwa kuipinga hoja ya neuroni. Kesho yake akasimama Cajal, akaeleza kinyume, slaidi kwa slaidi, kwa rangi aliyoitunga aliyezungumza jana. Simwiti Golgi mshindwa. Aliipa dunia jicho, na jicho lake likawaonyesha wengine alichokataa kukiona.

Golgi alikufa mwaka 1926, Cajal mwaka 1934. Wote wawili hawakuziona picha za hadubini ya elektroni, ambayo katikati ya miaka ya 1950 ilipiga picha ya sinapsi na kuonyesha mwanya kati ya seli na seli, upana wa takriban sehemu mbili kwa milioni za sentimita moja, yaani nanomita 20. Mwaka 2009 kundi la Suzana Herculano-Houzel, wa Brazil, liliyeyusha ubongo wa binadamu ukawa kama uji, likahesabu viini vilivyopakwa rangi, likapata neuroni bilioni 86 hivi. Bilioni 69 kati yake zimo katika ule ubongo mdogo wa kisogoni, alikoanzia Purkinje na aliposhindia Cajal.

Slaidi ya mwanambuzi ninayo. Mzee alinipa siku aliyoaga kazi, na miaka hii yote rangi haijafifia. Mmenyuko mweusi bado unatumika katika maabara za ubongo, karibu vilevile ulivyopikwa Abbiategrasso, na mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini fedha huichagua seli hii na kuiacha ya jirani yake.